Mama na Somo Yake

Mama yangu ni fundi wa nguo, Tanga. Usiku, mteja wa mwisho akishachukua dera lake, mama huegemeza simu kwenye kopo la vifungo, hubonyeza alama ya kipaza sauti na kuanza kuongea. "Somo yangu, leo mgongo haufai." Anaongea huku anaokota vipande vya vitambaa na kuvitia kwenye mfuko. Dakika tatu, wakati mwingine saba. Anatuma. Anaendelea kufagia nyuzi. Baadaye simu inalia, na pale kibarazani inasikika sauti ya mwanamke wa Mombasa, anayecheka kwanza kabla ya kujibu.

Wamejuana miaka sita. Hawajawahi kuonana. Walikutana kwenye kundi la mafundi wanaobadilishana mishono simuni. Mmoja aliuliza namna ya kukata shingo ya gauni isilegee, mwingine akajibu, kisha wakagundua kwamba wana jina moja. Tangu siku hiyo kila mmoja anamwita mwenzake somo. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme tu kwamba somo ni mtu mwenye jina kama lako, na pia ni mwanamke unayemwamini na siri zako. Neno moja limebeba yote mawili, na kwa mama yangu yote mawili yametimia.

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani kutoka chuoni, ninakosomea shahada ya uzamili katika fasihi. Nilikuwa nimelala chumba cha mbele, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Mama alidhani nimeshalala. Nikamsikia akimweleza somo yake jambo moja kuhusu mwaka niliozaliwa mimi. Lilikuwa na urefu wa sentensi moja tu. Kwa miaka 26 ya kuishi naye hajawahi kuniambia. Sitaliandika hapa, na sababu nitaitoa mwishoni. Ninachotaka kukiri sasa ni nilichohisi. Sikuhisi huzuni wala huruma. Nilihisi wivu. Kwa nini mwanamke ambaye mama hajawahi kumshika mkono ajue jambo ambalo mimi, niliyelala tumboni mwake, sijui?

Swali hilo ndilo lililoniharibia sura ya kwanza ya tasnifu yangu, na nadhani liliiharibu kwa faida. Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kwamba akina mama katika fasihi yetu "huandika ili kujikomboa". Msimamizi wangu alipigia mstari maneno hayo na kuandika pembeni kwa penseli: "Wanamwandikia nani?" Nilikasirika. Niliona ameuliza jambo dogo. Baada ya usiku ule wa Desemba nilivisoma upya vitabu vyangu nikiwa na swali lake mkononi, na nikaona kwamba nilikuwa nimesoma barua bila kutazama jina lililo juu ya bahasha.

Nianze na mama anayemwandikia mwanawe. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mgonjwa na mjane, alitunga utenzi wa kumwachia binti yake, Mwana Hashima. Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ameupitia. Mama anamwita binti aje karibu na wino na karatasi, kisha anampa wosia: dini, adabu, ulimi mzuri, namna ya kukaa na watu, na zaidi ya yote namna ya kukaa na mume. Ubishi juu ya utenzi huu ni wa miaka mingi. Wako wanaouona kuwa mnyororo ambao mwanamke anamfunga mwanamke mwenzake. Wako wanaosema ni werevu, kwamba mama anamfundisha binti kuishi katika ulimwengu asioweza kuubadilisha, na kwamba chini ya utii kuna mkono unaoshika usukani. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika insha nzima upande wa pili.

Leo naona pande zote mbili zimeshughulika na ujumbe, zikamsahau msikilizaji. Mwana Kupona anazungumza na mtoto wake huku akijua kwamba hatakaa naye muda mrefu. Katika hali hiyo mama hana nafasi ya kulalamika wala kusitasita. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa kiongozi wa Siu, mtu aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said. Maisha ya mke wa mtu kama huyo hayawezi kuwa yalikosa hofu. Lakini ndani ya utenzi ndoa imenyooka, imetulia, na mume amekufa akiwa radhi. Sisemi kwamba Mwana Kupona anadanganya. Nasema kwamba mama anapozungumza na mwanawe husimama wima, hata kama mgongo haufai. Kuna maneno ambayo mtoto hawezi kuambiwa, kwa sababu yakitamkwa yanaanza kumlemea yeye. Ukitaka kujua mama amechoka kiasi gani, usiusome wosia wake. Utafute, ukiwepo, ujumbe aliomwandikia shoga yake.

Wa Mwana Kupona hatunao. Wa mwanamke mwingine tunao.

Sayyida Salme alikuwa msichana wa miaka 14 huko Unguja wakati Mwana Kupona anatunga utenzi wake. Baba yake ndiye yule yule Sayyid Said aliyepigana na Siu. Katika nyumba za kifalme wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza mapema. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipofanya njama dhidi ya Sultani Majid, Salme ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Alibatizwa Aden, akaitwa Emily, akaolewa, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume wake alikufa kwa ajali ya tramu. Salme aliachwa na watoto watatu, mkubwa hajafika miaka mitatu, mdogo akiwa bado mchanga wa miezi michache.

Watu wengi wanamjua kwa kitabu kimoja, kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Tangu mwanzo anasema kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, ili wajue mama yao ametoka wapi. Na kweli ni kitabu cha mama kwa watoto. Kuna majumba ya Mtoni, bustani, mabafu, farasi, sikukuu, ndugu wasiohesabika, harufu za vyakula. Kuna utetezi wa wanawake wa kwao mbele ya Wazungu wanaowaonea huruma isiyoombwa. Miaka ya Ujerumani inapita upesi, kama mtu anayefunga mlango wa jikoni wageni wasione vyombo.

Mlango huo Salme aliufungua mahali pengine. Kati ya karatasi alizoziacha alipokufa mwaka 1924 kulikuwa na maandishi mengine, yaliyoitwa barua za kwenda nyumbani. Hayakuchapishwa mpaka mwaka 1993, na hapo ni kwa tafsiri ya Kiingereza. Humo hawaandikii watoto. Anamwandikia rafiki wa kike aliyebaki Unguja, ambaye hamtaji jina. Na humo yamo yote ambayo kitabu cha watoto kiliyapita: baridi, macho ya watu barabarani, lugha asiyoielewa, imani iliyokatika vipande viwili, kifo cha mume, hesabu za fedha zisizolingana, uchovu wa kulea peke yake katika nchi ambayo hana hata dada wa kumwachia mtoto kwa saa moja.

Mwanamke ni mmoja. Maisha ni yale yale. Aliyebadilika ni msikilizaji tu, na kwa kubadilika kwake tumepata vitabu viwili ambavyo mtu angeweza kudhani vimeandikwa na watu wawili. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza kupoa kidogo. Watoto wa Salme hawakunyimwa kitu kwa sababu mama yao hakuwapenda. Walipewa Unguja nzuri kwa sababu aliwapenda. Rafiki alipewa Hamburg kwa sababu Hamburg isingeweza kumwumiza.

Lakini kuna jambo katika barua hizo ambalo sikuweza kulivuka kirahisi. Salme aliziandika kwa Kijerumani. Lugha ya utotoni mwake ilikuwa Kiswahili na Kiarabu, na Kijerumani alijifunza akiwa mtu mzima. Ni mwanamke gani wa Unguja wa wakati ule, aliyekuwa shoga wa binti mfalme, ambaye angesoma Kijerumani? Sioni namna ambayo barua hizi zingesomwa na yule ambaye zinamwita rafiki. Yawezekana rafiki alikuwepo kweli, na Salme akawa anamkumbuka tu. Yawezekana alimbuni, kwa sababu alihitaji sikio ili aweze kufungua mdomo. Vyovyote iwavyo, alikuwa anaongea na mtu ambaye hawezi kujibu.

Na ukizisoma ukiwa na wazo hilo, utaona zinavyoelemewa. Hakuna mahali rafiki anamkatiza. Hakuna mahali anamwambia, "Hapo unajionea, hebu tazama upande wa pili." Hakuna kicheko. Maumivu yanaandikwa, yanaandikwa tena, na hayana pa kugeukia. Wakosoaji wengi wa kizazi chetu tumezoea kusema kwamba kuandika ni tiba, kwamba mwanamke akishapata sauti amepona. Barua za Salme zinanifanya nisite. Sauti alikuwa nayo. Alichokosa ni jibu.

Mwenye jibu ni Ramatoulaye, katika riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979 ambayo kwa Kiswahili inajulikana kama *Barua Ndefu Kama Hii*. Ramatoulaye ni mwalimu wa Dakar, mama wa watoto kumi na wawili. Mume wake Modou alioa msichana mdogo, rafiki wa binti yao mkubwa, akaihama familia, kisha akafa. Sasa Ramatoulaye anakaa eda, miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo anamwandikia Aissatou, rafiki yake tangu utotoni. Aissatou naye aliletewa mke wa pili, lakini yeye aliondoka na wanawe wanne, akasomea ukalimani, na anafanya kazi katika ubalozi wa Senegali huko Marekani.

Riwaya hii hufundishwa kama riwaya ya mitala, na ndivyo ilivyo. Ila usomaji huo unaufanya urafiki kuwa bahasha tu ya kubebea hoja. Mimi nadhani urafiki ndio hoja yenyewe. Tazameni jinsi mwandishi alivyoijaza nyumba ya Ramatoulaye watu. Wakati wa msiba hakuna pa kukanyaga. Kuna mawifi, wakwe, majirani, wachumba wasiosubiri eda iishe. Jirani yake Farmata huingia atakavyo, hupiga bao kwa kauri, huona kila kitu, na ndiye anayemfumbua macho kwamba binti yake ana mimba. Ramatoulaye hana upweke wa Salme. Ana watu hadi wanamzidi. Bado anahitaji mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Kwa nini? Kwa sababu walio karibu wanaona, lakini kila wanachokiona kina matokeo. Farmata akijua, mtaa utajua. Wifi akijua, litakuwa kesi. Mtoto akijua, atabeba. Aissatou akijua, jambo linatua mahali pasipo na mkwe wala jirani. Kwetu tuna methali isemayo mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nimekua nikiisikia kwenye vikao vya familia, hasa pale mtu anapotaka kuonywa asiwaamini watu wa nje. Riwaya ya Bâ inaibishia methali hiyo taratibu. Mzaliwa nawe pia ndiye mwenye haki ya kukudai, kukuhukumu na kukurithi. Mtu asiyekudai kitu anaweza kusikia hadi mwisho.

Na Aissatou anajibu. Hajibu kwa mahubiri. Yeye alichagua talaka, Ramatoulaye alichagua kubaki, na urafiki haukuvunjika kwa sababu hiyo. Ramatoulaye alipotelekezwa na kuanza kuhangaika na usafiri wa umma na watoto wake, Aissatou alimnunulia gari, Fiat. Ramatoulaye akaogopa usukani, kisha akajifunza. Wasomaji wengine huliona tukio hili kuwa rahisi mno, kama zawadi iliyoshushwa na mwandishi kutoka juu. Mimi naliona kuwa ndilo linalotenganisha kitabu hiki na barua za Salme. Upande wa pili kuna mtu. Ana mshahara wake, ana maoni yake, na mwisho wa kitabu anatarajiwa kufika kesho yake.

Lakini sehemu inayonirudisha kibarazani kwetu ni ile ya binti mwenye mimba. Binti huyo naye anaitwa Aissatou, amepewa jina la rafiki. Kwa Kiswahili tungesema bila kufikiri mara mbili kwamba ni somo yake. Ramatoulaye anapopata habari, hasira ya mama wa Kiislamu aliyelea kwa taabu inampanda. Kisha anaishusha, anamkumbatia mtoto. Siwezi kuthibitisha, lakini siamini kwamba angeweza kufanya hivyo kama asingekuwa ameshazoea, ukurasa baada ya ukurasa, kuwa mtu mwingine zaidi ya mama. Alishamweleza Aissatou mkubwa kuhusu ujana wao, tamaa zao, walimu wao, makosa yao. Akili yake ilikuwa imetoka kutembea na msichana aliyekuwa yeye. Alipomtazama Aissatou mdogo, alimwona pia huyo. Nilichodhani ni wizi, kwamba rafiki anachukua cha mtoto, kinamrudia mtoto kwa njia nyingine.

Nimejaribu kukumbuka kama hili nimeliona kwetu. Nadhani nimeliona. Kabla ya somo yake, mama alikuwa mkali kwa namna ya mtu ambaye hajapumzika. Nilipofeli somo moja mwaka wa kwanza chuoni, nilikaa wiki mbili bila kumpigia simu. Nilipompigia hatimaye, alinyamaza, kisha akauliza kama nakula vizuri. Niliuchukua upole huo kuwa wa uzee. Sasa nafikiri huenda siku hizo mbili tatu nyuma yake kulikuwa na dakika saba za hasira ambazo mwanamke mmoja wa Mombasa alizipokea badala yangu, na kuzirudisha zikiwa na kicheko ndani yake.

Nisipambe kupita kiasi. Mara moja walinuniana karibu mwezi mzima kwa sababu ya ujumbe uliosikilizwa na haukujibiwa. Bando likiisha, urafiki unasimama mpaka mteja alipe. Na kuna usiku ambao mama huongea na simu wakati mdogo wangu amesimama mlangoni na daftari lake, anasubiri. Urafiki wa mbali unachukua muda, na muda huo unatoka mahali. Salme angekubali kulipa bei hiyo mara kumi.

Kabla sijarudi chuoni mama aliniuliza ninaandika nini huko siku zote. Nilimweleza kwa kifupi, huku anapindua upindo wa sketi ya sare. Nikamwambia kuna binti mfalme aliyeandika barua zikakaa miaka mingi, na sasa sisi tunazisoma darasani na kuzifanyia mtihani. Alisimamisha cherehani.

"Aliruhusu?"

Nilisema sijui. Nikasema alishakufa, ni mambo ya kale, ni historia.

"Na yule shoga yake aliruhusu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kushona.

Katika riwaya ya Bâ kuna neno *mirasse*, ambalo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi kulifahamu, kwa kuwa ni mirathi yetu hii hii. Ramatoulaye analitumia kwa maana pana kuliko nyumba na mashamba. Mtu anapokufa, anasema, siri zake nazo huwekwa wazi, na hapo ndipo anapopata ruhusa ya kuyafunua maisha ya Modou. Nadhani sisi wakosoaji huishi kwa mirathi ya namna hiyo. Barua za Salme ni mirathi, nasi tumejigawia. Sijui kama ni halali yetu, ila najua kwamba nitaendelea kuzisoma, na safari hii nitakumbuka kwamba mimi si yule aliyeandikiwa.

Mama yangu yuko hai, na mirathi haigawanywi mwenyewe akiwa hai. Ndiyo maana sentensi yake ya Desemba haimo humu. Alimpa somo yake. Tasnifu itakuwa na sura moja pungufu ya ushahidi, na msimamizi wangu amekubali.

Juzi nilimtumia mama fedha kidogo ya bando. Hakuuliza ni za nini. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, wa kwanza kunitumia mimi, wa sekunde kumi na moja. Alisema ahsante, alisema nile vizuri, na nyuma yake nikasikia simu ya mdogo wangu ikicheza sauti ya mwanamke anayecheka kabla ya kujibu.